Mkono Ulioshika Mashine ya Sufi

Kizimba cha Bandali kilikuwa Tegeta, kando ya barabara ya Bagamoyo, nyuma ya safu ya misufi iliyopandwa zamani za Mdachi. Kilikuwa banda kubwa la nguzo, limezungushwa waya wa matundu madogo toka chini hadi juu, kwa sababu sufi ikishakauka haina adabu: upepo ukipita tu, nayo imekwenda. Ndani ya waya huo wanawake walishinda wamejifunga kanga puani na mdomoni, nyusi zimekuwa nyeupe kama za vikongwe. Walivunja maganda, wakatoa sufi, wakaianika, kisha wakaichambua kwa fimbo ndogo ndogo mpaka mbegu zikadondoka chini. Wapita njia walisema ni kuku wa Bandali hao, wametiwa tunduni. Wanawake walisikia, lakini nani atajibu na mdomo umefungwa?

Saa sita kazi ilisimama, kanga zikashushwa, na chungu kikaepuliwa. Hicho kilikuwa chungu cha shirika. Mwenye muhogo alileta muhogo, mwenye nazi alileta nazi, na siku ya shida hata kipande cha chumvi kilitosha. Sharti lilikuwa kila mkono utie kitu. Mkono uliotia kitu ulikuwa na mahali pake kwenye mkeka, na hapo pakawa pako kama kitanda chako.

Mahali pa Genoveva palikuwa kati ya Mwamvita na nguzo ya mlangoni. Palikuwa pembamba, akikaa upande upande, lakini hakuwa na pengine popote duniani palipokuwa pake.

Alitoka Bukoba na mumewe Theonest, karani. Kwao aliitwa Kokushubila. Genoveva ni jina la ubatizo. Theonest alihamishwa kikazi akaja Dar es Salaam, akamleta yeye na mtoto wao Alfonsi. Haikupita muda mrefu akamrudisha Alfonsi kwa babu yake, akasema huko atasoma vizuri. Kisha akahamishwa tena, Tabora safari hii, akasema anatangulia kutafuta nyumba. Nyumba aliipata. Alimpata na Filomena wa kukaa naye ndani yake. Genoveva aliambiwa habari hiyo na mtu baki, sokoni, huku akichagua nyanya. Akazilipia, akaondoka, akazisahau pale pale. Wanaume wa namna hiyo hawafukuzi mke. Humwacha tu mahali, kama mwavuli.

Nauli ya kurudi Bukoba hakuwa nayo, na hata angeipata, angerudi kusema nini? Watu wa pwani nao walikuwa na maneno yao juu ya mwanamke wa Kihaya aliye peke yake. Kabla hajafungua mdomo walikwisha kumjua. Ndipo akatembea kutafuta kazi, akafika kizimbani kwa Bandali. Siku ile mwanamke mmoja mnene, mcheshi, alishusha kanga yake akamtazama toka kichwani hadi miguuni.

"Umeshawahi kushika sufi, dada?"

"Bado."

"Basi sharti la kwanza, usicheke ukiwa nayo mkononi. Utaila. Mie nimekula godoro zima humu ndani."

Huyo ndiye Mwamvita. Alimfundisha kufunga kanga kwa fundo la kisogoni, kutenga sufi na mtima wake wa kati, kuipima ukavu kwa kuibana kiganjani na kuiachia. Saa sita akamvuta mkono akamketisha karibu na nguzo. Genoveva hakuwa na cha kutia chunguni. Mwamvita aliukata muhogo wake vipande viwili, akampa kimoja akitie kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku hiyo wakamwita Mama Alfonsi, jina la mtoto ambaye hakuna hata mmoja wao aliyepata kumwona. Yeye alilipenda. Likitajwa, alihisi kana kwamba mtoto yuko karibu tu, anacheza nje.

Ikaja mashine.

Iliteremshwa kwenye lori siku ya Jumamosi, ndani ya makasha. Bandali alisema ni ya kuchambua sufi. Ina ngoma ndani yenye meno, na injini ya kuizungusha kwa mkanda, na kazi ya fimbo zote itafanywa na mtu mmoja. Wanawake waliyatazama makasha yale wakaenda makwao. Jumapili Genoveva alikwenda kanisani kwenye misheni, kama kawaida yake, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, akarudi jua limeshuka.

Jumatatu mashine ilikuwa imekwisha fungwa katika kibanda cha mabati kando ya kizimba. Fundi Gaspar, mtu aliyezoea injini za mashamba ya mkonge, alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa. Bandali aliwakusanya.

"Fundi atakaa siku chache tu," alisema. "Nataka mtu wa humu humu. Mtu anayeijua sufi. Nani atashika mashine?"

Binti Kibwana, mkubwa wa wachambuaji, alitazama dole gumba la mguu wake. Mwamvita alitazama juu kwenye waya. Bandali aliuliza mara ya pili, sauti imeanza kuchoka.

Genoveva aliwatazama wenzake akadhani wanaogopa. Yeye mwenyewe aliogopa. Lakini alifikiri: hawa wamenifundisha kila kitu, na mie sijawahi kuwafundisha hata kusuka jamvi. Nikijua mimi, nitawafundisha wote. Akainua mkono.

Akasikia nyuma yake mtu akivuta pumzi. Hakugeuka.

Saa sita ya siku ile alikuja kwenye mkeka na dagaa wake katika jani. Pale kati ya Mwamvita na nguzo palikuwa na kikapu. Alisimama akingoja Mwamvita akiondoe. Mwamvita alikuwa akipuliza moto ambao ulikuwa ukiwaka vizuri tu.

"Nimeleta dagaa," Genoveva alisema.

"Chungu kimeshajaa," alijibu Binti Kibwana.

Kilikuwa nusu. Alikiona kwa macho yake. Alirudi kibandani akakaa kizingitini, akala dagaa wakavu bila kitu. Fundi Gaspar alimwuliza kama amegombana na wenziwe. Akasema hapana, na hakusema uongo, maana ugomvi hula maneno, na yeye hakuambiwa neno.

Alijifunza haraka. Gaspar hakuwa mtu wa kusifu, ila aliacha kumshika mkono. Alijifunza kuizungusha injini kwa hendeli na kuiachia kabla haijampiga. Alijifunza kuutia mkanda nta usiteleze, kumimina mafuta kwenye vikombe vya shaba, kulisha ngoma kidogo kidogo, maana sufi mbichi ikiingia hujisokota kwenye mhimili kama nywele kwenye kitana, na hapo huna budi kuzima kila kitu na kukata kwa kisu. Mashine haikuwa na ubaya wowote. Ilitaka utunzaji, ikatoa kazi. Kulikuwa na watu aliowatunza zaidi wakatoa kidogo.

Gaspar alipoondoka, alibaki na mlio. Injini ikiwaka husikii kitu kingine. Kizimbani wanawake walikuwa wakitaniana hata kanga zikiwa mdomoni, kwa macho na mabega, na mtu akikohoa wenzake walimpiga mgongoni. Kibandani ukikohoa unajikoholea. Alizungumza na injini kwa Kihaya, kwa kuwa hakuna aliyemsikia. Akaiambia habari za Alfonsi, sasa lazima ameota meno makubwa ya mbele, sasa lazima anachunga mbuzi wa babu yake.

Wiki ya pili wachambuaji hawakuhitajika tena. Wengine waliambiwa wasije. Binti Kibwana alihamishiwa kwenye kuvunja maganda pamoja na wasichana, yeye aliyekuwa mkubwa wa fimbo. Alipopita kibandani alisema na hewa, si na mtu: "Kuna watu huletewa neno la wenzao, wakalikalia."

Genoveva hakuelewa neno gani. Alidhani ni fumbo la pwani, na mafumbo ya pwani yalikuwa mengi kuliko yeye.

Musimu ule ukapita, ukaja mwingine. Kila siku alileta kitu, na kila siku chungu kilikuwa kimejaa. Mwishowe akaacha kwenda mkekani, akala kizingitini na uso kwenye injini. Lakini moyoni alikuwa akingoja jambo moja, nalo lilikuwa mto.

Kizimbani binti wa mmoja wao akiolewa, wote walimshindilia mto wa kulalia usiku wa kwanza. Kila mwanamke wa kizimbani alitia mkono wake mmoja wa sufi, aliyoichambua mwenyewe. Hakuachwa mtu, hata aliyenuniwa, kwa kuwa walisema mto uliopungukiwa na mkono mmoja hauna usingizi: bwana harusi ataota anaitwa na mwanamke asiyemjua. Walilisema kwa kicheko, lakini hawakulivunja. Na sasa Sikudhani, binti wa Mwamvita, alikuwa ameposwa.

Genoveva alitenga sufi yake siku nyingi kabla. Aliitoa kwenye mashine, akaipitia tena kwa fimbo, kwa mkono, jioni, mbegu moja moja, kama alivyofundishwa. Akaifunga katika leso safi. Alikuwa na hakika. Mila ni mila, haichagui unayempenda.

Siku ya kushindilia walikuwa uani kwa Mwamvita, foronya imetandazwa juu ya mkeka, mwali amekaa pembeni amefunikwa kanga, mikono ina hina mbichi.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," mtu alijibu, kisha akaona ni nani.

Genoveva alipiga magoti akafungua leso. "Nimeleta mkono wangu."

"Wako au wa injini?" Binti Kibwana aliuliza.

"Injini ina binti?" mwingine akadakia. "Basi ingoje harusi ya mwanawe."

Wakacheka. Genoveva hakuondoka. "Nimeichambua kwa fimbo," alisema. "Mie ni wa kizimbani."

Kicheko kikaisha. Binti Kibwana aliweka chini sufi aliyokuwa ameshika.

"Wa kizimbani akipewa neno na wenzake hulishika. Wewe ulipewa, ukacheka."

"Neno gani?"

"Usijitie uziwi, mwana wa watu. Jumapili ile, kabla mashine haijafungwa. Tulikuwa kwangu kwenye hitima ya marehemu mume wangu, tukakubaliana, mkono wa mtu usiiguse mashine ile. Bandali akikosa wa kuishika ataifunga kamba airudishe alikoitoa. Wewe ulikuwa kanisani kwenu. Tukamtuma Mwamvita akwambie. Ulipoinua mkono tukamwuliza, akasema amekwambia, na wewe umecheka, umesema mambo ya Waswahili hayakuhusu."

Genoveva aligeuka. Mwamvita alikuwa akishona ukingo wa foronya. Sindano haikusimama, ila mshono ulikuwa ukienda upande.

"Mwamvita. Ulikuja kwangu?"

Mwali aliinua kanga kidogo akamtazama mama yake.

"Nilikuja," Mwamvita alisema na sindano.

Angeweza kupiga kelele. Angeweza kuapa kwa msalaba, na wangesema anaapa kwa mti. Aliyaona macho ya yule msichana, akaona watu wote wale ni wa Mwamvita: shangazi zake, majirani zake, kaburi la mama yake liko pale nyuma ya nyumba. Yeye ana nani wa kumshuhudia? Alisema, "Hukuja," kwa sauti ya chini, akainuka, akaiacha leso na sufi yake juu ya mkeka.

Asubuhi aliikuta imening'inizwa kwenye komeo la kibanda, fundo halijaguswa.

Walimwoza Sikudhani kwa mto uliopungua, na dunia haikupasuka.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Genoveva alifanya kazi, akanyamaza, na hata kwa injini akapunguza maneno. Ndipo Bandali akamwambia, mvua zikiisha ataleta mashine ya pili. "Chagua wewe mtu wa kumfundisha," alisema. "Fundi Gaspar yuko mbali, na wewe unajua. Wengine wa kizimbani sitawahitaji wengi."

Neno hilo lilifika mkekani kabla ya saa sita. Halafu ikawa ajabu. Mlango wa Genoveva, ambao haukuwa umebishwa tangu aliposhika mashine, ukapata wageni. Mmoja alileta papai. Mmoja alileta mayai, akasema kuku wake wanataga mpaka anachoka. Binti Kibwana hakufika mlangoni mwenyewe. Alimleta mpwa wake, akasimama mbali barabarani kama mtu anayengoja upepo upoe. Genoveva aliwakaribisha wote, akapokea papai, akapokea mayai, hakuahidi mtu. Hawakuwa na habari ya kumpenda. Walikuwa na habari ya mashine.

Mwamvita alikuja wa mwisho, alasiri moja, mikono mitupu. Alikuwa amekonda. Mumewe alianguka mnazini, sasa alilala ndani na mguu uliokataa kunyooka.

"Sina cha kukuletea, shoga," alisema mlangoni.

"Naona."

"Nifundishe mashine."

Genoveva alikuwa akipepeta mchele. Aliendelea kupepeta.

"Nilikuja siku ile," Mwamvita alisema. "Wallahi nilikuja. Hapa sikukukuta. Nikaifuata njia ya misheni mpaka kanisani. Nikasikia mnaimba. Sasa mie nitaingia vipi mle? Mtu akiniona, nitasema nimefuata nini kanisani? Nikasimama chini ya ukuta nikingoja mtoke. Hamtoki. Mnaimba, mnanyamaza, mnaimba. Nikaona aibu, nikarudi. Nikasema nitakwambia asubuhi kabla Bandali hajafika. Asubuhi nikachelewa, nilikuta Bandali ameshatukusanya, nawe ukainua mkono. Binti Kibwana akanitolea macho. Ulimi ukaniteleza. Nikasema nilikwambia, ukacheka."

Kumbe ni hilo. Miaka ya kula kizingitini, na sababu yake ni mwanamke aliyeona haya kuita mtu kanisani. Genoveva alitafuta hasira yake kubwa aliyokuwa ameilea, akakuta hata haina pa kusimama. Alidhani ameonewa kwa chuki. Ameonewa kwa woga tu, woga mdogo, kama wa mtoto aliyevunja kikombe.

"Nitakufundisha," alisema. "Lakini kesho saa sita, chungu kikiepuliwa, waambie hivyo ulivyoniambia."

"Wakijua, nitakula wapi?"

"Ninapokula mie."

Kesho yake alizima injini mapema. Masikio yalimlia kwa muda, kisha yakatulia, akasikia moto wa mkekani ukipasuka. Aliosha mikono. Aliiosha vizuri, mpaka kwenye viwiko, akajifuta, akasimama kibandani akitazama kupitia waya.

Alimwona Mwamvita akisimama wakati wenzake wanakaa. Maneno hayakumfikia. Alimwona Binti Kibwana akiweka upawa chini. Hakuna aliyepaza sauti, na hakuna aliyesimama. Mwamvita alisema, akanyamaza, akasema tena, kisha akaokota kanga yake na kipande chake cha muhogo.

Genoveva alingoja uso mmoja uinuke. Mmoja tu, uelekee kibandani, useme, Mama Alfonsi, njoo. Alikuwa amekwisha toa mguu mmoja nje.

Wakala haraka siku ile, migongo imeinama. Hakuna aliyetazama upande wa mabati. Siku zilizofuata walimsalimu kwa heshima kuliko mwanzo, wasichana wakamwamkia shikamoo mpaka chini, lakini pale karibu na nguzo vikapu viliongezeka, kimoja juu ya kingine. Aliyekudhulumu bila kujua anaweza siku moja kukurudia. Akishajua, hana uso wa kukutazama wewe ukila.

Siku ile ile ya kusema kwake, Mwamvita alikuja akakaa kizingitini, upande wa pili, na muhogo wake. Genoveva hakumsogelea wala hakuondoka. Mwamvita alikata muhogo vipande viwili, akakiweka kimoja katikati, juu ya ubao. Genoveva alikitazama. Kisha aliinuka, akashika hendeli, akaiwasha injini kabla ya wakati, ili asilazimike kusema neno.

"Kwanza mkanda," alipiga kelele juu ya mlio. "Utazame mkanda, usinitazame mie."

Mwamvita akatazama mkanda.

Jioni, njiani, Genoveva alisimama kwa mchuuzi wa samaki. Alikuwa na desturi ya kununua mmoja. Alichukua fungu zima, la kutosha wawili. Akasema moyoni, akitembea, kwamba ni kwa sababu samaki siku hizi wanauzwa kwa fungu, na mmoja mmoja hawauzi tena.